Zamu ya Kubeba C

Mimi si msimamizi bora. Nimeandikiwa hivyo kwa barua yenye muhuri, na barua yenyewe ninaitumia kufunikia mtungi wa mchele nyumbani. Kwa hiyo asije mtu akaniuliza siri ya kusimamia watu. Nitamwambia niliyoyafanya tu, na niliyoyafanya yananichoma mpaka leo. Watu wananiambia, Thoa, yaache, ni mwaka mzima sasa, yamepita. Hayajapita. Wanaosema yamepita si wao walioshika kalamu.

Kiwanda chetu kinakata minofu ya kambare wa mabwawa, hapa kando ya mto Hau. Miaka kumi na miwili nilikuwa kiongozi wa kundi la visu, wanawake kumi na wanane. Mnasimama kwenye maji baridi tangu asubuhi, buti za mpira miguuni, barafu mbele yenu, samaki wanakuja kwenye masanduku kana kwamba mto mzima umeamua kupitia mezani kwenu. Kisu kinapita ubavu huu, kinapita ubavu ule, mnofu unaondoka mzima. Ukitoboa tumbo, mnofu umeharibika. Kila sanduku linakwenda kwenye mizani na kilo zinaingia kwenye kompyuta kwa jina lako. Kazi yetu haina pa kujificha, na hilo mlishike.

Sasa, kila mwisho wa mwaka, kabla ya Tet, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kila kundi linakaa kikao na kumpa kila mtu daraja: A, B au C. A anapata zawadi nono ya sikukuu, B ya kawaida, C anapata kidogo cha kufukuza njaa, na juu yake anaandika karatasi ya kujikosoa. Kwa mkono wake mwenyewe anataja makosa yake yote, anaahidi kujirekebisha, anasaini, na kiongozi anasaini chini kuthibitisha. Na sharti la ofisi ni kwamba kila kundi lazima liwe na C. Lazima. Ofisini wanaamini kuwa penye watu kumi na wanane hapakosi mbovu mmoja. Nani aliwahesabia? Hakuna. Wameamini tu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwandika Bich. Alikuwa amejifungua, miezi kadhaa hakuwepo, nikaona hapo hapana wa kulalamika. Bich akarudi kazini, akasoma jina lake ubaoni pale langoni, akaja mezani kimya. Alikata samaki mpaka mchana huku machozi yanadondoka kwenye barafu, na hakunitazama hata mara moja. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikashindwa kula. Nikajiambia, mimi Thoa, sitamfanyia mtu hivi tena.

Mwaka uliofuata nikawaita wote wakati wa chakula. Nikasema, jamani, wanataka mbovu, na sisi mbovu hatuna. Basi tutampika. C itakwenda kwa zamu, mwaka huu huyu, mwakani yule, nami nitaandika majina kwenye daftari. Na atakayeibeba, wenzake watamjazia nyumba.

Ndivyo tulivyoishi miaka kumi na moja. Aliyebeba C alipelekewa bata wawili wawili, mikate ya wali wa kunata iliyofungwa majani ya mgomba, mtungi wa mboga za siki, na mwaka mmoja hata nguruwe mzima mdogo. Ilifika mahali watu wanagombania zamu. Na ile karatasi ya kujikosoa tuliitunga wote pamoja mezani, tukicheka mpaka vijiti vya kulia vinatuponyoka. Shangazi Chin, mkubwa wetu, aliwahi kuandika kwamba anawaonea kambare huruma na ndiyo maana anawakata polepole. Karatasi ikapanda ofisini, ikagongwa muhuri, ikafungiwa kabatini. Hapo tukajua kwamba hakuna anayezisoma. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, lakini yetu ilikuwa imefika miaka kumi na moja, tukadhani imekuwa barabara.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Luom.

Luom ndiye alikuwa kisu cha kwanza cha kiwanda kizima, si cha kundi langu tu. Mwanamke mwembamba, maneno machache, miaka kumi na minne mezani. Wasichana wapya waliletwa kwake wamtazame mikono. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mume anaumwa mgongo na kazi nzito hawezi tena, mabinti wawili wako shule. Na huku kwetu kila mtu anajua: tangazo la kazi likibandikwa kwenye lango la kiwanda chochote, mstari wa kwanza unasema mwisho miaka thelathini na tano. Luom akitoka hapa, hana pengine pa kuingia. Kisu hiki ndicho chakula cha watu wanne.

Luom hapendi kuandika, kwa hiyo nilimtajia mimi. "Andika mikono inatetemeka."

"Ya nani?" akauliza.

"Yako, bibi. Andika. Kasi imepungua kwa sababu ya umri. Minofu nimeiharibu mara nyingi hata baada ya kuonywa."

"Hata baada ya kuonywa," akarudia Nhan, mdogo wetu kuliko wote, akicheka huku amejishika tumbo. "Nani atamwonya Luom? Samaki?"

"Weka na uvivu kidogo," Bich akasema. "Bila uvivu C haikolei."

Akaandika yote, kwa ule mwandiko wake wa mtoto wa shule, akasaini. Nami nikasaini chini yake. Nilikuwa bado natabasamu, na kila nikikumbuka tabasamu lile natamani kujizaba kofi.

Mwaka huo huo alikuwa ameshakuja naibu mkurugenzi mpya, Bwana Khai. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, sauti ya chini, kila anayemkuta, yeye ndiye anayemwamkia kwanza. Alipofika tu, alitupeleka viongozi wote wa makundi mjini Can Tho, siku tatu, tukajifunze kuwa wasimamizi bora. Ukumbi wa baridi kama chumba chetu cha kugandishia, biskuti kwenye sahani, na mwalimu mmoja anazunguka na kipaza sauti kama muuza dawa za minyoo.

"Dada," akaniuliza mbele ya watu, "kwenye kundi lako, nani dhaifu kuliko wote?"

"Hayupo," nikasema.

Akawageukia wengine. "Mnaona? Huyu ni mama wa kundi. Si msimamizi."

Wakacheka. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Phuc, kiongozi wa kundi la kuchuna ngozi, jitu lenye shingo nene ambaye hatujawahi kupatana. Phuc akasimama bila kuitwa. "Kwangu mimi huruma hakuna," akasema. "Mtu mbovu ninamjua kwa harufu." Mwalimu akampa kalamu ya zawadi. Nilimtazama Phuc nikasema moyoni, haya, mla watu wabichi, umepata kalamu.

Wiki mbili baada ya madaraja kubandikwa, Bwana Khai akaniita ghorofani. Akanimiminia chai kwa mkono wake. Mtu wa ofisi akikumiminia chai, jishike.

"Dada Thoa," akasema, "oda za nje zimepungua. Kila kundi litapunguza mtu mmoja. Sitaki kumwonea yeyote, kwa hiyo nimechukua C."

Nikaweka kikombe chini. "Bosi, Luom hapana. Luom ndiye kisu cha kwanza hapa."

Akafungua faili, akatoa ile karatasi, akaisoma taratibu kwa sauti yake ya upole. Mikono inatetemeka. Kasi imepungua kwa sababu ya umri. Hata baada ya kuonywa. Maneno yangu yale yale ya mezani, na pale ghorofani hayakuchekesha mtu.

"Mwandiko huu ni wake?"

"Ni wake."

"Sahihi hii ya chini ni yako?"

Basi nikamweleza yote. Zamu, daftari, bata, mikate, Shangazi Chin na huruma yake. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Kama huamini, bosi, tazama mizani," nikamalizia. "Kompyuta yenu hiyo hapo. Kilo za kila mtu zimo."

"Nimeshatazama," akasema. "Ni wa kwanza. Miaka sita mfululizo."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unajua?"

"Ninajua, dada. Ninajua pia kwamba kwa mshahara wake wa miaka kumi na minne naajiri wasichana wawili. Nikimtoa kwa sababu ni ghali, sheria inanifunga. Nikimtoa mtu aliyekiri kwa mkono wake kwamba kazi imemshinda, sheria inanifungulia mlango." Akanisogezea karatasi mbili tupu. "Kimebaki kitu kidogo. Maonyo mawili kutoka kwa kiongozi wake. Tarehe nitakutajia."

Nikamwambia afadhali aukate mkono wangu.

"Sawa," akasema, wala hakuudhika. "Basi nitaandika ulichoniambia sasa hivi. Kwamba watu kumi na mmoja wameidanganya kampuni kwa maandishi na kiongozi wao akathibitisha. Huo ni udanganyifu, dada, na udanganyifu hauna siku thelathini za notisi. Shangazi Chin amebakiza mwaka mmoja kustaafu, siyo? Msimamizi bora huamua. Mmoja, au kumi na mmoja?"

Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti kile ataniambia ningesimama nikatoka. Ndiyo, ningesimama nikatoka. Sikusimama. Nilimfikiria Shangazi Chin, nikamfikiria Bich, nikajiambia mmoja ni mchache kuliko kumi na mmoja, kana kwamba watu ni masanduku ya samaki. Nikaandika. Tarehe saba mwezi wa nne, nilimwonya mfanyakazi Luom kwa kuharibu minofu. Tarehe ishirini mwezi wa nane, nilimwonya tena. Nikasaini mara mbili. Khai akanisindikiza mpaka mlangoni na kuniambia nimekua kikazi.

Luom alipewa notisi ya siku thelathini kesho yake. Alinikuta pale tunapooshea visu, karatasi zote anazo mkononi, maana sheria inataka mtu aonyeshwe ushahidi wake.

"Dada Thoa," akasema, "tarehe saba mwezi wa nne ulinionya?"

Nikafungua bomba.

"Tulikuwa wapi? Hapa, au kule kwenye mizani?"

"Luom, mdogo wangu..."

"Ulitumia maneno gani? Niambie niyajue, binti zangu wakiniuliza nisije nikayakosea."

Nikamweleza habari za Khai na wale wasichana wawili anaotaka kuajiri, mmoja au kumi na mmoja, Shangazi Chin na mwaka wake mmoja. Nilieleza haraka haraka, huku maji ya bomba yanatumwagikia buti. Alisikiliza, akakunja zile karatasi mara nne, akazitia ndani ya aproni.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," akasema. "Ungeniuliza, dada. Pengine ningesema ndiyo. Shangazi Chin ananifaa kuliko hao wasichana wawili. Lakini hukuniuliza. Uliniamulia."

Akaenda kunoa kisu chake. Siku thelathini zile alifanya kazi zote, hakukosa hata asubuhi moja, na kilo zake hazikushuka. Hasira gani hiyo, mtu anakatia watu samaki vizuri namna ile huku wamemfukuza. Mimi ningewatoboa wote matumbo.

Habari zikaenea mezani. Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa heri wangenitukana. Walisogeza tu bakuli zao. Mahali nilipozoea kukaa wakati wa chakula pakawa na nafasi ya watu wawili kila upande. Bich ndiye pekee aliyefungua mdomo. "Afadhali ungeniandika mimi tena," akasema. "Mimi nimeshazoea." Nhan akaanza kuficha kinoo chake. Mwingine akaacha kumshikia jirani sanduku, maana kilo za jirani zikipanda zako zinaonekana ndogo. Wanawake waliokuwa wakitunga makosa ya uongo huku wanacheka, sasa kila mmoja anachungulia meza ya mwenzake kutafuta kosa la kweli. Na kilo zikapanda. Naam, zilipanda, Khai alinionyesha mstari kwenye kioo cha kompyuta, unakwea kama panya ukutani. "Unaona kazi yako?" akasema. Niliiona.

Halafu ikaja sherehe ya kufunga mwaka. Wanaifanya mchana, kwenye uwanja wa magari, meza za watu kumi kumi chini ya maturubai, masufuria ya mchuzi yanachemka katikati, bia kwenye ndoo za barafu yetu wenyewe. Watu mia nane. Mbele jukwaa dogo, maana bila mtu wa ofisi kushika kipaza sauti na kuimba vibaya sherehe haijafungwa. Meza ya kwanza alikaa mkurugenzi mkuu mwenyewe, Mama Diep, mwanamke mzee mwenye kiwanda, na wageni wake wawili kutoka chama cha wafanyakazi cha mkoa. Luom alikuwa kwenye meza yetu. Siku zake zilikuwa zimebaki nne. Alikuwa anamtolea Shangazi Chin miiba ya samaki, kwa sababu shangazi haoni vizuri.

Khai akapanda jukwaani, akashukuru, akasifu. Kisha akasema mwaka huu kuna tuzo mpya, ya Msimamizi Bora. "Ni mtu aliyekuwa na moyo laini," akasema, "akajifunza kuamua. Kundi lake limepunguza mtu bila malalamiko, na kilo zimepanda. Dada Thoa, karibu."

Wakapiga makofi. Meza yetu haikupiga. Nilitembea mpaka kule mbele, nikapewa maua, nikapewa cheti chenye fremu ya dhahabu, jina langu limeandikwa kwa herufi za mapambo. Khai akanipa kipaza sauti. "Maneno mawili tu, dada. Wafundishe wenzako."

Nilikuwa nimekusudia kusema asante. Kweli nilikusudia, mkono usioweza kuukata ubusu, nimekua nao msemo huo. Lakini nikatazama meza yetu nikamwona Luom ameinua uso. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayesubiri kuhesabiwa kilo zake.

"Naitwa Thoa, wa visu," nikasema. "Kundi langu halijawahi kuwa na mfanyakazi mbovu. Miaka kumi na moja ofisi ilitaka nimtaje mmoja, nikawa nawataja kwa zamu. Karatasi zao za kujikosoa ni uongo, nilizitunga mimi. Mwaka huu zamu ilimwangukia Luom, yule pale amevaa shati la kijani. Ndiye kisu cha kwanza kwenye mizani yenu, miaka sita, na Bwana Khai anajua, aliniambia kwa mdomo wake. Anafukuzwa kwa karatasi yangu, na kwa maonyo mawili ambayo sikuwahi kumpa. Niliyaandika ghorofani siku moja, tarehe nikitajiwa. Hicho ndicho mlichonipia maua."

Kipaza sauti kikazimwa. Hawakujua kwamba nimepiga kelele juu ya mashine kumi na tano kwa miaka kumi na miwili. Nikaendelea bila hicho, nikayarudia yote tangu mwanzo, kwa faida ya meza za nyuma.

Khai hakupandisha sauti. Akachukua kipaza sauti, kikawashwa tena, akatabasamu. "Dada Thoa amechoka," akasema. "Na kama ni kweli alidanganya, basi ni jambo la kundi moja, tutalishughulikia. Makundi mengine ishirini na moja yamefanya kazi kwa uaminifu."

Kisha kutoka meza ya wachuna ngozi nikasikia kiti kinasukumwa. Phuc amesimama, uso mwekundu wa bia, shingo ile ile. Nikasema, haya, sasa ndiyo ananimaliza.

"Sisi tunavuta vijiti," akasema.

"Nini?" Khai akauliza.

"Vijiti vya kulia. Anayepata kifupi ndiye C. Miaka minane." Akajikuna shingo. "Mwaka jana nilikipata mimi, nikamlazimisha mke wangu akibebe. Yuko kundi hilo hilo. Hajanisamehe."

Mtu mmoja akacheka, halafu meza nzima, halafu uwanja wote. Kiongozi wa kundi la kufungasha akasimama, mama mtu mzima, akasema wao huanza na aliyezaliwa mwaka wa mbuzi, kwa hesabu yetu ya miaka ya wanyama. Wa chumba cha barafu akasema wao humpa aliyeoa karibuni, kwa kuwa ana furaha tayari. Wanaume kwa wanawake mia nane wanacheka mpaka mchuzi unamwagika, kila kundi linajua la kwake tu na lilidhani liko peke yake. Khai amesimama katikati ya kicheko kile na kipaza sauti mkononi, anakigonga kwa kidole kana kwamba kimezimika. Wageni wa mkoa wakaacha kula. Mmoja akatoa kalamu, akamwinamia Mama Diep, akamuuliza jambo. Mama Diep hakucheka.

Msinielewe vibaya. Hakutuonea huruma mtu. Kama wageni wale wasingekuwepo, mimi na Phuc tungelala njaa mwezi ule ule. Lakini karatasi ishirini na mbili za kujikosoa zilikuwa zimeshageuka kichekesho mbele ya mashahidi mia nane, na huwezi kumfukuza mtu kwa kichekesho. Notisi zote ziliondolewa kabla ya Tet. Luom hakukosa hata siku moja ya kazi. Mimi nikapewa barua yangu kwamba sifai kusimamia, nikarudishwa mezani, na kiongozi akawekwa Nhan, kwa sababu ni kijana na anafundishika. Khai? Khai yupo. Yupo ghorofani hivi sasa, anawaamkia watu kwanza, anawamiminia chai. Hilo ndilo linalonitoa roho.

Mkono wangu umepotea miaka kumi na miwili, kisu kinanikataa. Nimewekwa kati ya Luom na Shangazi Chin. Luom hakunisemesha mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili akaniambia, "Hiyo ni minofu au mswaki?" Nikashukuru hata hilo. Msamaha nilimwomba, akasema amesikia, basi. Kusikia si kusamehe, na mimi sikumdai zaidi.

Na leo asubuhi fomu imekuja tena. Ndiyo, ile ile. Mwaka mzima umepita, aibu yote ile, wageni wa mkoa na kalamu zao, na fomu imekuja na safu zake tatu, na chini imeandikwa kwamba kila kundi lazima liwe na C. Hawakubadilisha hata nukta. Nhan akasimama mbele yetu ameishika, akasema, "Jamani, mnataka nifanye nini?" Nilizama kwenye samaki wangu, nikiona haya kuliko yeye.

Luom akafuta mikono, akamwomba ile fomu. Luom asiyependa kuandika. Akaiweka juu ya kifuniko cha sanduku, akaandika kwenye safu ya C: hakuna. Akaandika jina lake pembeni, akasaini. Akampa Bich, akasaini. Ikazunguka meza nzima, kila mtu anaitazama kwanza, wengine kwa muda mrefu, wawili wakageuka kutazama ngazi lakini wakasaini. Ikafika kwangu mwisho.

"Dada Thoa," Luom akasema, "hii ikipanda ghorofani hatujui itashuka na nini. Wewe wameshakuandikia barua moja, ya pili ni mlango. Nakuuliza. Unasaini, husaini?"

Nikasaini chini ya majina yao yote, wino ukaingia maji, nikakoleza mara ya pili.

Nhan akaipeleka mwenyewe. Alipanda nayo saa nne. Sasa tumeshakula, bakuli tumeshaosha, na bado hajashuka. Shangazi Chin amevua aproni yake, anasema ngazi zile zitamuua magoti lakini atazipanda. Tunasubiri kengele ya saa saba tu. Ikilia na Nhan hajaonekana, tunapanda wote.